Mali Inamhitaji Nani? Uchumi na Maisha ya Katanga

Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nchi pana. Kabla ya kugawanywa mwaka 2015 kuwa mikoa minne ya Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 497,000, yaani zaidi ya nusu ya Tanzania. Ukanda wake wa kusini, unaoanzia Kolwezi na kupita Likasi na Lubumbashi hadi Sakania mpakani mwa Zambia, una hazina ya shaba na kobalti ambayo ni nchi chache duniani zinazoifikia. Hayo yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba ukanda huohuo, Wazungu walipoufikia mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa na watu wachache mno: misitu ya miombo, mbung'o, udongo mwembamba, na vijiji vidogo vilivyoachana mbali. Wakazi wengi waliishi kaskazini zaidi, katika bonde la Upemba, penye samaki na ardhi yenye rutuba. Madini yalikuwa upande mmoja na watu upande mwingine, na uchumi wote wa Katanga tangu hapo umejengwa juu ya juhudi za kuziba pengo hilo.

Kila inapotajwa nchi yenye mali, tumezoea kuuliza mali ile ni ya nani. Ni swali halali, na Wakongo wamelimwagia damu. Nadai kwamba liko swali linalolitangulia: mali hiyo inamhitaji nani ili itoke ardhini? Mali inayohitaji mikono mingi hulazimika kuilisha mikono hiyo, kuitibu na kuipa pa kulala, hata mwenye mali akiwa katili. Mali isiyohitaji mikono huwapita watu bila kuwagusa, hata sheria ikisema ni yao. Katanga imeyapitia yote mawili katika muda wa karne moja, na kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kulipima dai hili.

Shaba ya Katanga haikusubiri Ulaya. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yametoa misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya ukoloni, na misalaba ya aina hiyo ilitumika kama fedha katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Kazi ya kuyeyusha shaba ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno ya mtama. Watu walikwenda machimboni wakachimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta, kisha mvua ilipokaribia wakarudi mashambani. Utaratibu huo una uzito kuliko unavyoonekana. Uchimbaji ulikuwa msimu ndani ya mwaka wa mkulima. Haukumng'oa mtu shambani kwake, wala haukumwacha na njaa mwaka ambao shaba haikununuliwa.

Katikati ya karne ya 19 shaba hiyo, pamoja na pembe za ndovu, iliwavuta wafanyabiashara kutoka Unyamwezi. Mmoja wao, Msiri, aliyetoka kwa Wasumbwa, hakurudi kwao. Alijenga dola ya Garenganze yenye makao makuu Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Misafara yake ilifika pwani zote mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Atlantiki. Hata hivyo, nguvu ya Msiri ilitokana na watu aliowakusanya kuliko shaba aliyoiuza: wake wengi waliomfunga kwa undugu na machifu wa mbali, wageni waliopewa hifadhi, na mateka na watumwa waliohamishwa kwa nguvu. Katika nchi yenye ardhi tele na watu haba, mtawala ni yule anayeweza kuwakusanya watu na kuwabakiza. Msiri aliuawa Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Kapteni Stairs, msafara uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II na uliotegemea wapagazi kutoka Zanzibar na pwani. Waliomwondoa walirithi ardhi yake, na tatizo lake la watu wakalirithi vilevile.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la mji huo likatoa shaba ya kwanza. Mtaji wa Brussels na London ulikuwepo, mitambo ilikuwepo, madini yalikuwepo. Wafanyakazi hawakuwepo. Mwanakijiji wa miombo hakuwa na sababu ya kuacha shamba lake kwenda kufa kwa kichomi au kuhara damu katika kambi ya mabati, na kufa walikufa wengi katika miaka ile ya mwanzo. Kodi ya kichwa iliyodaiwa kwa fedha ilimsukuma. Chifu aliyepewa zawadi au vitisho alimsukuma zaidi. Mwaka 1910 iliundwa taasisi mahususi ya kutafuta vibarua, Bourse du Travail du Katanga, na mawakala wake wakatawanyika vijijini. Vibarua wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa mikataba mifupi ya miezi. Mtu akianza kuizoea kazi, mkataba umekwisha. Wengi hawakusubiri uishe, walitoroka.

Miaka ya 1920 ilipokuwa inamalizika, hesabu hiyo haikuwezekana tena. Rhodesia ya Kaskazini ilianza kufungua migodi yake mikubwa na ikawahitaji watu wake yenyewe. Mashine mpya nazo zilidai mfanyakazi anayejua kazi, naye hafundishwi kwa miezi sita. Union Minière ikabadili mwendo. Ilikwenda Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi kutafuta watu, na kuanzia 1928 ikaweka mikataba ya miaka mitatu huku ikimtaka mfanyakazi aje na mkewe. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi Waafrika, ndiye anayetajwa zaidi kuwa msanifu wa mpango huo. Nia yake haikufichwa: mfanyakazi mwenye familia hatoroki, mtoto aliyelishwa vizuri atakuwa kibarua mwenye nguvu, na mtoto aliyezaliwa kambini hatahitaji kutafutwa kijijini. Palipokosekana watu, kampuni iliamua kuwazalisha.

Hapo ndipo maisha tunayoyaita ya Katanga yalipoanza. Kambi ilikuwa na nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, mabomba ya maji, zahanati, wodi ya wazazi, mahali pa kupima uzito wa watoto wachanga, kanisa, uwanja wa mpira, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Kila wiki ilitoka posho ya unga, maharage, mafuta, chumvi, nyama au samaki, iliyopimwa kwa kuhesabu mke na watoto. Mwanamke alifundishwa kushona na kutunza nyumba. Biashara yake ndogo haikupendwa, kwa sababu kampuni ilitaka mume awe mlishaji wa pekee, na nyuma ya mume iwepo kampuni yenyewe. Watu waliotoka kwa Waluba, Wabemba, Wasongye, Walunda na Wanyarwanda walihitaji lugha moja ya kazi na ya ujirani. Kiswahili kilichokuja na misafara ya karne iliyotangulia kikakubaliwa kambini, kikapata mtindo wake, na watoto wa kizazi cha pili wakakipokea kama lugha ya nyumbani. Kiswahili cha Lubumbashi tunachokisikia leo katika nyimbo na sokoni kina deni kubwa kwa kambi hizo.

Wapo wanaoyakumbuka maisha hayo kwa majonzi ya mtu aliyefiwa, na hawastahili kubezwa. Kampuni iliitwa baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za wafanyakazi na familia zao, alikiita kitabu chake kwa jina linalowaeleza kama wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mtoto wa kambi alichanjwa na kusoma wakati mtoto wa kijiji hakupata hata kimoja. Ninachosema ni kwamba mema hayo hayakuwa haki ya mtu. Yalikuwa gharama ya uzalishaji, sawa na makaa ya mawe na mafuta ya kulainisha mitambo, na yalidumu kadiri mtu alivyohitajika. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoishusha bei ya shaba mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao, licha ya maneno yote kuhusu familia. Desemba 1941, bei zilipopanda kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia na wafanyakazi wakagoma kudai nyongeza, askari walifyatua risasi Elisabethville na kuua makumi ya watu. Vita hivyohivyo vilichota urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ikaingia katika mabomu ya Marekani. Waliochimba urani hiyo hawakuambiwa ni kitu gani.

Wingi wa watu walioletwa ulizaa pia swali la nani mwenyeji, nalo lilikuja kuua kuliko migodi. Katika uchaguzi wa manispaa wa mwaka 1957, mameya Waafrika waliochaguliwa Elisabethville walikuwa hasa watu wenye asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha Conakat, kilichosema kwa niaba ya wenyeji, na Julai 11, 1960 kiongozi wake Moïse Tshombe akatangaza kuwa Katanga imejitenga na Kongo. Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali ya Tshombe, na uasi ukadumu hadi Januari 1963. Miaka ya 1992 na 1993, migodi ilipokuwa inakufa na ajira zinagombaniwa, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wajukuu wa wale walioletwa na kampuni, na Kasai hawakuijua. Mtu aliyekaribishwa kwa ajili ya mikono yake peke yake hubaki mgeni hadi kizazi cha tatu, na mikono hiyo isipohitajika tena, anakumbushwa.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, na baada ya muda kampuni ikaitwa Gécamines. Mwenye mali alibadilika. Mpangilio wa maisha haukubadilika. Gécamines ilibeba kambi zilezile, posho ileile, hospitali na shule zilezile, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka kwa wafanyakazi zaidi ya 30,000. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilibomoka. Vurugu za kisiasa na kukatwa kwa misaada vikaongezea, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 ambao mishahara yao ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi walipewa kiinua mgongo kidogo wakaagwa.

Hapa nitajibiwa, na jibu lina nguvu, kwamba kilichoiua Gécamines ni wizi. Mapato yake yalikwenda kwa watawala badala ya kununua mitambo mipya, na kampuni yoyote ingekufa hivyo. Nakubali sehemu ya kwanza ya jibu hilo bila masharti. Lakini wizi unaeleza kwa nini kampuni ilianguka. Hauelezi kwa nini kuanguka kwa kampuni moja kuliondoa kwa pamoja unga mezani, mwalimu darasani, dawa zahanatini na heshima ya baba nyumbani. Hayo yalianguka pamoja kwa sababu tangu mwaka 1928 yalikuwa yamefungwa kwenye kitu kimoja. Upo ushahidi mzito zaidi. Uchimbaji umefufuka. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa shaba, baada ya Chile, ikitoa zaidi ya tani milioni 2.5 kwa mwaka, karibu zote kutoka Katanga, na hutoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia. Shaba hiyo ni zaidi ya mara tano ya kilele cha Gécamines. Kama wizi ungekuwa ndio maelezo yote, basi wawekezaji wapya walipoweka fedha zao na mitambo yao, maisha ya kambi yangerudi, hata kwa sura nyingine. Hayakurudi, kwa sababu kampuni mpya haziwahitaji watu wale.

Tazama migodi ya sasa: Tenke Fungurume, Kamoto, na Kamoa-Kakula iliyoanza kuzalisha mwaka 2021. Mtaji ni wa China, Uswisi na Kanada. Machimbo ya wazi, pale yalipo, hufunguliwa kwa magari makubwa ya kubeba mawe, na mara nyingi mtambo wa asidi huitenga shaba kwa usimamizi wa watu wachache wenye vyeti. Kazi nyingine hupewa wakandarasi, na mkandarasi humwajiri mtu kwa miezi, bila nyumba wala shule ya mtoto. Sheria ya mwaka 2017 iliwahifadhia wazawa kazi za ukandarasi, na ni hatua inayofaa, lakini humsaidia kwanza mwenye kampuni ndogo na jamaa wanaojulikana. Kwa familia ya Likasi ambayo babu alikuwa fundi wa tanuru, mgodi leo ni vumbi la malori barabarani.

Familia hiyo inaishije? Swali hili ndilo kiini cha maisha ya Katanga baada ya mwaka 1990, na jibu lake lina majina ya wanawake zaidi ya wanaume. Mke aliyekatazwa biashara na kampuni ndiye aliyeitoa nyumba katika njaa. Alianza kwa kuuza vyombo vyake, kisha mboga za matuta yaliyolimwa nyuma ya nyumba ya kambi, unga uliopimwa kwa kikombe, mkate, samaki wa kukaushwa wa Luapula, mkaa. Uchunguzi uliofanywa Lubumbashi miaka ile unaonyesha jinsi mamlaka ndani ya nyumba yalivyohama pamoja na mkoba wa fedha. Mume aliyesubiri mshahara usiokuja alijikuta akiomba nauli. Watoto waligawanywa, huyu asome mwaka huu, yule asubiri mwakani. Mkaa nao umekata miombo kuuzunguka mji wa Lubumbashi, na kila mwaka wakataji wanakwenda mbali zaidi. Uchumi huu hauna sehemu katika taarifa za tani na dola. Umewalisha watu kwa zaidi ya miaka 30, na anayepanga mustakabali wa Katanga bila kuanzia hapo anapanga mustakabali wa nchi nyingine.

Na wanaume? Wengi walishika sururu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliruhusu uchimbaji mdogo, na vijana wakashuka mashimoni kutafuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 200,000, wakiongezeka bei inapopanda na kupungua inaposhuka. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, na wenye nyumba wakachimba sebuleni. Miaka mitatu baadaye sehemu ya mtaa ilihamishwa na kuzungushiwa uzio, na ununuzi ukakabidhiwa kampuni moja. Juni 2019 zaidi ya wachimbaji 40 walifukiwa katika eneo la mgodi wa Kamoto. Watoto wameonekana mashimoni na kwenye mito wanakoosha mawe. Kwa hiyo wapo wanaosema uchimbaji mdogo ni aibu na uondolewe. Vifo ni vya kweli na vinapaswa kutuuma. Lakini kabla ya kuuondoa, tukumbuke kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee ya madini ya Katanga ambayo bado inahitaji mikono. Askari walipopelekwa mwaka huohuo wa 2019 kuwaondoa wachimbaji kwenye maeneo ya kampuni, hakuna aliyewapelekea kazi nyingine, na wengi waliingia mashimo mengine. Kanuni ya Madini inataka yatengwe maeneo ya wachimbaji wadogo. Yaliyotengwa ni machache, na mengi yako mbali au madini yake yako chini sana kwa sururu. Ningetaka kampuni kubwa zirudishe pembezoni mwa leseni zao, mahali jiwe lilipo karibu na uso wa ardhi, chini ya ushirika unaosimamiwa na wakaguzi wanaolipwa. Kampuni ya umma ya Entreprise Générale du Cobalt iliundwa mwaka 2019 ili inunue kobalti yote ya wachimbaji hao. Imekwenda polepole mno, na kila mwaka wa kuchelewa unawaneemesha wanunuzi wanaopanga bei kwa mizani wanayoijua wao.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa wanauchumi. Wanasema: hakuna haja mgodi uajiri watu wengi, kwa maana kazi ya mgodi ni kutoa fedha, na fedha ikigawanywa vizuri itazaa ajira kwingine. Wanataja Kanuni ya Madini ya mwaka 2018, iliyopandisha mrabaha wa kobalti hadi asilimia 10 ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati, na iliyogawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, sekta (eneo la utawala la vijijini) au uchifu wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni hutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Hii ni sheria nzuri kuliko zote ambazo Katanga imewahi kuwa nazo, na waliopigania fungu lile la asilimia 15 wanastahili shukrani. Tatizo langu nayo ni moja. Mapato yasiyotokana na jasho la wakazi hayamlazimishi mtawala kuwasikiliza wakazi. Union Minière ilihitaji afya ya kibarua, kwa hiyo ilijenga zahanati bila kuombwa. Chifu au meya anayepokea hundi hahitaji chochote kutoka kwa mwanakijiji. Na hundi yenyewe haitulii. Bei ya kobalti ilipanda sana hadi 2018, ikaanguka, ikapanda tena 2022, ikaanguka tena, na Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wote wa kobalti ili kuinua bei, kisha ikaweka mgao. Serikali ilikuwa na sababu za kufanya hivyo. Bajeti ya sekta yenye mgodi mkoani Lualaba haikuwa na njia ya kujikinga.

Wengine hutaja Alaska, jimbo la Marekani lenye mafuta mengi na watu wachache, ambako tangu mwaka 1982 kila mkazi hupewa gawio kila mwaka kutoka mfuko wa mafuta. Mfano huo unavutia, na ningependa kuuona mahali fulani Afrika. Kwa Katanga haufai, kwa sababu iliyo wazi: Alaska ina watu wapatao 730,000, na Katanga sasa ina mamilioni, wakiwemo wazao wa wale walioletwa kujaza upungufu. Ukanda uliokuwa mtupu umekuwa na miji mikubwa, na nyuma ya miji hiyo nchi bado ni tupu. Watu wamerundikana pale madini yalipo, ingawa madini hayawahitaji, na wamepungua pale ardhi ilipo.

Utupu huo unaonekana kwenye sahani. Chakula cha Lubumbashi ni bukari, ugali wa mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi hayo hutoka Zambia. Lusaka ikifunga usafirishaji wa mahindi, kama ilivyofanya mara kadhaa, bei ya mfuko wa unga hupanda Lubumbashi na Kolwezi. Jambo hili lina umri wa migodi yenyewe: Union Minière nayo ililisha kambi zake kwa unga kutoka Rhodesia, kwa sababu wanaume waliochukuliwa migodini ni walewale ambao wangelima. Wakati wa ugavana wa Moïse Katumbi kampuni za madini ziliagizwa zilime hekta 500 kila moja. Baadhi zililima, na mahindi yalionekana, lakini kampuni ya shaba huliona shamba kuwa kodi ya ziada, na mkulima mdogo aliyeko kilomita 100 kutoka mjini hakupata kitu kutokana na agizo hilo. Matrekta ya kampuni yalirudia yale ya migodi ya sasa: mavuno mengi, mikono michache.

Kwa hiyo fungu la asilimia 15 ningelipeleka mahali ambapo uchumi bado unamhitaji mtu: barabara za udongo zinazopitika masika, maghala, mbegu, na hati za ardhi kwa wanawake walioshikilia matuta ya miji kwa miaka 30 bila karatasi. Ningewataka wenye migodi, badala ya kulima wenyewe, wanunue chakula cha wafanyakazi wao kwa mkataba kutoka kwa vyama vya wakulima wa ndani, na mkataba huo uandikwe katika masharti ya leseni. Nitaambiwa kwamba vijana hawataki jembe, wanataka shimo. Ni kweli wanakimbilia shimoni, na sababu yao ina akili. Mchimbaji akipandisha mfuko wa jiwe jioni, hulipwa jioni ileile, hata kama amepunjwa. Mkulima wa Kaniama hungoja miezi hadi mavuno, kisha hungoja lori, kisha humwuzia mwenye lori kwa bei ya mwenye lori. Kijana akiwekwa katikati ya hao wawili atachagua shimo, na mimi ningekuwa yeye ningelichagua. Ghala la sekta linalompa mkulima fedha taslimu siku anapoleta mahindi lingegeuza chaguo hilo kwa wengi, na mtaji wa kwanza wa ghala hilo tayari unaingia katika akaunti za sekta zenye migodi. Akaunti hizo zibandikwe hadharani, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa ofisi ya sekta, ili muuza mboga wa Fungurume ajue kilichoingia na kilikokwenda.